Popo Darini: Hafukuzwi, Hufungiwa Mlango Akiwa Nje

Nyumba ya shangazi yangu iko Muheza, nje kidogo ya mji, na imeezekwa kwa bati tangu miaka ya 1990. Kila magharibi, adhana ikiwa bado masikioni, popo walikuwa wakitoka chini ya kofia ya paa mmoja baada ya mwingine, mamia yao, kama wanafunzi walioruhusiwa kwenda nyumbani. Tulikua tukiwaona hivyo na hakuna aliyejali. Masika moja harufu ilizidi, silingibodi ya sebuleni ikaanza kutoa madoa ya kahawia, na shangazi akaita mtu wa kupuliza dawa. Alipanda mchana kweupe na bomba la dawa ya wadudu, akapuliza dari nzima, akalipwa, akaenda zake.

Siku tatu zilizofuata popo walianguka ukumbini wakitetemeka. Paka aliwachezea. Mjukuu wa miaka minne aliokota mmoja kwa mkono mtupu akampelekea bibi yake. Kisha ikaja harufu ya mizoga, tukahamia kulia uani. Tulipong'oa silingibodi tulikuta watoto wa popo, wekundu, hawajaota manyoya, wamekufa wakiwa wameng'ang'ania kenchi kwa makundi. Na kabla vuli haijaanza, popo wengine walikuwa wamekwisha hamia, maana matundu ya paa yalibaki vilevile.

Nayasimulia haya kwa sababu hofu imezidi kuwa kubwa. Machi 2023 Tanzania ilipotangaza ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi, mkoani Kagera, ambako watu 9 waliugua na 6 kati yao wakafariki, na tena Januari 2025 ulipozuka wilayani Biharamulo, popo alitajwa redioni na kwenye simu za watu asubuhi na jioni. Habari hazikuwa za uongo, ila zilisema "popo" tu, kana kwamba popo ni wa aina moja. Mtu wa Tanga, Mombasa au Morogoro aliyezisikia alitazama dari yake akaona kifo kimelala juu ya kitanda chake. Tangu hapo swali ninaloulizwa ni lilelile: nipulize nini?

Usipulize chochote. Popo hafukuzwi. Hungojewa atoke, kama anavyotoka kila jioni kwa hiari yake, kisha mlango hufungwa nyuma yake. Hiyo ni kazi ya fundi wa paa, wala haihitaji mtu wa sumu. Ila ili ifanyike sawasawa inabidi kwanza tujue tunazungumzia popo yupi.

Popo watatu katika jina moja

Popo ni mnyama anayenyonyesha, kama mbuzi na kama sisi. Hatagi, hana mdomo wa kudonolea, ana meno na masikio. Bawa lake ni mkono: ukiliona dhidi ya mwanga utatambua vidole vinne virefu mno vilivyotandaziwa ngozi nyembamba, na kidole gumba kimebaki nje kama ndoano. Duniani zipo aina zaidi ya 1,400 za popo, na Afrika Mashariki peke yake ina zaidi ya 100. Kwa mwenye nyumba, hata hivyo, inatosha kuwagawa mafungu matatu kwa kuangalia wanakolala.

Wa kwanza ni wa mapangoni. Katika fungu hili yumo popo matunda wa Misri, mwenye macho makubwa na uso kama wa mbwa mdogo, anayelala gizani ndani ya mapango na migodi iliyoachwa. Huyu ndiye anayejulikana kubeba virusi vya Marburg. Wagonjwa wawili wa Kenya, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon kabla ya kuugua. Mwaka 2007 waliougua Uganda walikuwa wachimbaji wa mgodi wa Kitaka. Tazama wote hao: ni watu walioingia kwenye makao ya popo, wakavuta hewa yake na kukanyaga uchafu wake.

Wa pili ni wa mitini na barazani. Nao hula matunda, lakini hulala kwenye mwembe, mnazi, au chini ya upenu wa baraza, wawili watatu au makumi kadhaa, wamejifunika mabawa kama watu waliovaa makoti. Usiku wa manane utasikia dume mmoja akipiga mlio uleule kwa saa nzima, kama mtu anayegonga chupa kwa kijiko. Asubuhi ukutani kuna madoa, na sakafuni kuna makapi makavu ya tini au ya embe. Makapi hayo ndiyo yaliyozaa imani kwamba popo hujisaidia kwa mdomo kwa sababu ananing'inia kichwa chini. Ukweli ni kwamba hutafuna tunda, hunyonya maji yake, kisha hutema nyuzinyuzi, kama tunavyofanya sisi na muwa. Haja yake huitoa panapostahili. Hujigeuza kidogo tu asijichafue.

Wa tatu ndiye mwenye dari yako. Huyu ni mdogo, wa kahawia au kijivu, na aina nyingi kati ya hawa zina mkia mnene unaochomoza nje ya ngozi kama mkia wa panya. Aina moja iliyoenea sana huku kwetu ina uzito wa gramu 10 hadi 12 tu, sawa na vijiko 3 vya chai vya sukari. Hagusi embe lako wala ndizi yako. Chakula chake ni wadudu wanaoruka: nondo, mende, kumbikumbi, mbawakawa na mbu wakiwemo. Kwa usiku mmoja anaweza kula wadudu wenye uzito wa nusu ya mwili wake au zaidi.

Kuna na wa nne anayeogopwa, mnyonya damu. Huyo yupo kweli, aina tatu tu, na wote wanaishi Amerika, kuanzia Mexico hadi Amerika ya Kusini. Afrika hayupo.

Hatari ya kweli na hatari ya kusikia

Sitaki kumwambia mtu kwamba popo wa darini hana madhara yoyote, maana si kweli, na anayesema hivyo anawaharibia popo wenyewe. Madhara yapo, ila ni mengine kabisa kuliko yale yanayosemwa barazani.

Lile la kila siku ni kinyesi. Kikirundikana huoza, hutoa hewa kali inayochoma pua, hula silingibodi na kuozesha mbao. Na rundo kavu la kinyesi laweza kuota kuvu ambaye mbegu zake huruka na vumbi. Ukivuta vumbi hilo kwa wingi, waweza kupata ugonjwa wa mapafu wenye homa, kikohozi na kifua kubana, ambao hufanana sana na kifua kikuu hata wagonjwa wengine hutibiwa kifua kikuu bila nafuu. Angalia hatari hii inatoka wapi. Popo aliyetulia juu hakuletei vumbi. Anayelirusha ni mtu anayepanda na ufagio.

La pili ni kuumwa. Watu wengi mno wanaokufa kwa kichaa cha mbwa kwetu wanaumwa na mbwa, na chanjo ya mbwa ndiyo kinga kuu. Hata hivyo popo wa Afrika hubeba virusi vya ukoo huohuo. Mwaka 2009 aina mpya kabisa iligunduliwa katika popo aliyeokotwa kwenye pango la Shimoni, pwani ya Kenya. Mwaka 2007 mgeni kutoka Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo huko Tsavo Magharibi, akarudi kwao, akafariki. Matukio ya namna hii ni nadra sana, lakini ugonjwa ukishaanza kuonyesha dalili hauna dawa. Kwa hiyo sheria ni moja: popo haguswi kwa mkono mtupu, hasa yule aliyeanguka chini mchana, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye mgonjwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaeleze kwamba ni popo. Sasa mrudishe akilini yule mjukuu wa Muheza. Ile sumu ndiyo iliyomshushia popo mkononi. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka kumi, hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kumgusa.

Na Ebola je? Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kupata virusi vipya vya ukoo wa Ebola, vikaitwa Bombali, katika popo wadogo wa nyumbani huko Sierra Leone, na baadaye vikaonekana pia katika popo wa Milima ya Taita, Kenya. Habari hiyo ilisambaa ikiwa nusu. Nusu iliyoachwa ni kwamba hajapatikana mtu hata mmoja anayejulikana kuugua kwa virusi hivyo, na watu wa Taita wamelala chini ya popo hao maisha yao yote.

Lipo tukio moja ambalo ningetamani kila kiongozi wa mtaa alijue. Baada ya wachimbaji wa Kitaka kuugua, popo wa mgodi ule waliuawa kwa maelfu na milango yake ikazibwa. Ilionekana kazi imekwisha. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena wilayani Ibanda, umbali wa kilomita 20 hivi kutoka pale. Watafiti walipoingia tena mgodini walikuta popo wameanza kurudi, wachache sana kuliko mwanzo, lakini kiwango cha waliobeba virusi kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha kabla ya mauaji. Maelezo yao ni rahisi kuyashika. Kundi la zamani lilikuwa na wazee wengi waliokwisha kupata ugonjwa na kupona, wakawa na kinga. Walipouawa, nafasi ilijazwa na wageni wasio na kinga, na virusi vikapata kuni mpya za kuwaka. Kuua popo kulikusudiwa kuzima ugonjwa, na kulifanya kinyume chake.

Kwa nini paa lako na si la jirani

Popo hatoboi, hatafuni nyaya wala hajengi kiota. Kila tundu analoingilia lilitengenezwa na mtu au na wakati. Bati lina mawimbi. Likilazwa juu ya ukuta au juu ya ubao ulionyooka, chini ya kila wimbi hubaki upenyo wa umbo la nusu mwezi. Fundi makini huuziba. Fundi anayekimbizana na kazi nyingine huuacha, na mwenye nyumba hauoni kwa sababu uko juu na umefichwa na ubao wa ukingo wa paa. Upenyo wa sentimita moja na nusu unamtosha popo. Kipimo chepesi ni kidole gumba cha mtu mzima: kinapoingia, na popo anaingia.

Ndani anakuta joto. Chini ya bati saa nane mchana ni tanuri, na sisi tungezimia, lakini popo hawa huvumilia hata nyuzijoto zaidi ya 40 na hulipenda joto hilo kwa kulelea watoto. Kwa hiyo nyumba inayopigwa jua, yenye nafasi kati ya bati na dari, iliyo karibu na maji, shamba au taa za barabarani zinazovuta wadudu, ni kama chumba cha kupanga kilicho jirani na soko.

Kabla hujamlaumu popo, hakikisha ni yeye. Okota kinyesi kwa kijiti ukisage. Cha panya ni kigumu kama mbegu. Cha popo husagika kikawa unga, na ndani yake utaona vipande vinavyong'aa vya mabawa ya wadudu. Wapo watu waliohangaika mwaka mzima na popo huku anayewasumbua ni panya.

Mlango wa kutokea tu

Wavuvi wa pwani wanalijua dema. Samaki huingia kupitia mdomo mpana unaoishia kwenye tundu jembamba, na akishaingia haoni tena pa kutokea, ingawa tundu liko palepale. Njia ya kumtoa popo ni dema lililogeuzwa: kutoka ni rahisi, kurudi hakuwezekani, na hakuna anayejeruhiwa.

Kazi huanza kwa kukaa. Saa 12 jioni chukueni viti, mtu mmoja kila pembe ya nyumba, mkae hadi saa 1 na nusu usiku, mtazame kingo za paa dhidi ya anga. Msipige kelele wala kumulika tochi. Mtaona popo wanatoka wapi, na mara nyingi mtashangaa kwamba kundi la mamia linatumia matundu mawili au matatu tu. Mchana mtayathibitisha: pembeni mwa tundu linalotumika pana weusi wa mafuta ya miili yao, na chini yake ukutani pamenata kinyesi. Fanyeni hivyo jioni mbili tatu. Mwenye nyumba anayeruka hatua hii hulipa fundi mara mbili.

Kisha sikilizeni. Hapa ndipo penye moyo wa jambo zima, na ndipo yule mtu wa dawa alipokosea zaidi kuliko pengine popote. Popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, humwacha darini anapokwenda kuwinda, na hurudi kumnyonyesha. Mtoto hawezi kuruka mpaka afikishe wiki 4 hadi 6 hivi. Ukifunga mlango wakati huo, mama atabaki nje akihangaika ukutani, na mtoto atakufa ndani kwa njaa na kuoza juu ya kichwa chako. Aina nyingi huzaa wakati mvua zimeleta wadudu, na baadhi huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kalenda peke yake haitoshi. Saa moja baada ya wakubwa kutoka, ingia ndani, zima redio na pangaboi, tega sikio chini ya dari. Ukisikia vilio vyembamba vikiendelea, kuna watoto. Subiri mwezi mmoja na nusu, usikilize tena. Mimi hupendelea kazi hii ifanyike kiangazi, na hata hapo husikiliza kwanza.

Dari ikiwa kimya, fundi apande asubuhi na kuziba kila upenyo wa paa isipokuwa yale matundu makuu. Ukutani atumie simenti. Chini ya bati achonge ubao ufuate mawimbi, au apachike wavu wa chuma wenye matundu madogo. Wavu wa kuku haufai, matundu yake ni makubwa mno. Nyufa nyembamba zizibwe kwa silikoni. Kuziba huku ndiko kwenye gharama na jasho, na ndiko kunakoamua kama popo watarudi au la.

Juu ya kila tundu kuu lililobaki, pigilia wavu laini na mzito, hata wa nailoni, wenye matundu madogo kiasi kwamba popo hanaswi. Ufungwe juu na pembeni, uachwe wazi chini, ulegee kidogo, na ushuke kama nusu mita chini ya tundu. Jioni popo atatoka, atatambaa kati ya ukuta na wavu, atafika chini na kujiachia angani. Alfajiri atarudi moja kwa moja kwenye tundu analolijua kwa harufu, atagonga wavu, atazunguka, wala hatawaza kuingilia chini. Mahali ambapo wavu haukai vizuri, tumia kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa sentimita 25 hadi 30, kilichoelekezwa chini. Ndani yake ni laini, kucha hazina pa kushika, kwa hiyo huteleza kutoka na hawezi kupanda kurudi.

Acha hivyo kwa siku 7. Usiharakishe, kwa sababu usiku wa mvua au baridi baadhi hawatoki kabisa. Baada ya hapo kaeni tena nje jioni mbili. Asipotoka hata mmoja, ondoeni wavu na kuziba tundu la mwisho siku hiyohiyo. Wakitoka bado, kuna tundu lililosahauliwa, litafuteni.

Paa la makuti ni habari nyingine, haliwezi kuzibwa lote. Waliofanikiwa walitandika dari ya wavu mzito chini ya maboriti, popo wakabaki juu yake na chumba kikawa kisafi.

Yale yasiyosaidia

Mashine ndogo za kuchomeka ukutani zinazodaiwa kutoa sauti ya kufukuza popo zinauzwa sana, na watu wanaendelea kuzinunua. Popo huishi kwa sauti. Hupiga kelele nyembamba tusizozisikia na kusikiliza mwangwi wake, kama unavyoweza kujua chumba kitupu kwa kupiga makofi. Darini tayari kuna mamia wakipigiana kelele hizo usiku kucha. Moja zaidi haiwahamishi. Nafthalini kidogo haiwasumbui, na nyingi inawaumiza watu wa ndani kwanza. Moshi wa pilipili au wa mpira huwatoa kwa saa chache, baadhi yao wakikimbilia vyumbani, na kuwasha moto karibu na mbao kavu za kenchi ni kuhatarisha nyumba nzima. Kuwanasa na kuwaachia msitu wa mbali hakufai, kwa kuwa wanaijua njia ya kurudi.

Na wanakwenda wapi wakifungiwa? Wengi huwa tayari na makao mengine wanayoyajua, magofu, miti yenye mashimo, nyufa za miamba, na huhama baina yake. Ukipenda wabaki karibu kwa ajili ya wadudu, weka sanduku la mbao lenye nafasi nyembamba ndani, uwazi chini, juu ya nguzo ya mita 3 au 4 mahali penye jua, miezi kadhaa kabla ya kufunga paa. Wakati mwingine hulikubali, wakati mwingine hulikataa. Kisiwani Pemba, ambako kuna popo mkubwa wa matunda asiyepatikana popote pengine duniani, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Leo wanakijiji wa Kidike wanamlinda, na wageni huja kumtazama akining'inia mitini. Kisiwa hicho ni kilekile kilichotikiswa na taharuki ya popobawa, jini aliyesemekana kuvamia watu usiku, mwaka 1995. Watu walijua kutenganisha jina la kutisha na mnyama mwenyewe.

Akiwepo mmoja tu chumbani

Popo aliyeingia sebuleni usiku amepotea, wala hakushambulii. Hatanasa nywele zako. Anakuona, na anasikia mwangwi wa uzi mwembamba. Kwanza zima pangaboi, ndilo linaloua. Funga milango ya vyumba vingine, fungua madirisha yote, punguza taa za ndani, kaa pembeni kimya. Mara nyingi hutoka ndani ya dakika chache. Akitua ukutani, mfunike kwa bakuli, telezesha karatasi ngumu nyuma yake, vaa glavu nene, mtoe nje. Usimwache chini: popo wengi wa darini hawawezi kuruka kutoka ardhini. Mpandishe kwenye gome la mti au ukuta, juu ya kimo cha paka. Ikiwa alikutwa kwenye chumba cha mtoto mdogo au mtu aliyelala, ambaye hawezi kusema kama aliguswa, mpeleke mtu huyo hospitali hata kama huoni jeraha.

Kanuni ya kungoja atoke na kuziba nyuma yake inawafaa na wengine. Bundi aliyezaa darini aachwe vifaranga waruke, na kwa muda huo atakuwa anakula panya wako; hajaletwa na mtu. Komba wanaokimbizana juu ya bati hupungua ukikata matawi yaliyoegemea paa na kuacha kutupa maganda ya matunda uani. Nyuki waitiwe mfuga nyuki aje na mzinga, wasichomwe. Nyoka, tumbili na wakubwa zaidi ni kazi ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA kwa Tanzania na KWS kwa Kenya.

Usafi wa mwisho

Popo wakishaondoka usiingie na ufagio. Loanisha kwanza: maji yenye sabuni, kwa bomba la kunyunyizia, mpaka rundo lote lilowe. Vaa barakoa nzuri inayobana uso, glavu, na nguo utakazofua mara moja. Kusanya kwa koleo kwenye mifuko, fungua madirisha, watoto na wenye pumu wawe kwa jirani siku hiyo. Silingibodi iliyoloa mkojo haisafishiki, ing'olewe. Kunguni wa popo wanaweza kushuka vyumbani kutafuta damu baada ya wenyeji wao kuondoka, kwa hiyo kagua vitanda kwa wiki chache. Kinyesi chenyewe ni mbolea kali yenye naitrojeni nyingi; kikiwa kimelowa, kichanganywe na majani na kufukiwa kwenye mboji, kisisambazwe kikiwa kikavu.

Kwa shangazi tuliyafanya haya yote mwaka uliofuata ile sumu, tukiwa na fundi mwingine aliyekubali kukaa nasi nje jioni tatu kabla ya kugusa nyundo. Matundu makuu yalikuwa mawili. Jioni ya tisa hakutoka popo hata mmoja, na asubuhi yake fundi akaziba la mwisho. Kila mwaka, kabla ya masika, shangazi hutuma kijana apande ngazi na kuzunguka paa zima akipima kwa kidole gumba, kwa sababu misumari huachia na bati huinuka.